Kalamu, Si Karamu

Habari za kifo cha Mwalimu Simiyu zilinikuta nikila. Nilikuwa studioni kwangu hapa Kitale, kwenye chumba cha nyuma kinachotazama soko, nimepakua githeri na parachichi, simu ikaita, Nanjala akaniambia Mwalimu amelala na hataamka. Nanjala ni mwimbaji wa Matulo. Sauti yake ndiyo iliyomfanya Mwalimu ajulikane, na mimi ndiye niliyeinasa sauti hiyo, ingawa ungezunguka Bungoma nzima usingepata mtu wa kukwambia hivyo. Nikamwambia pole. Kisha nikamaliza githeri yangu, nikaongeza nyingine. Najua wanasema maiti hasemwi vibaya. Waliosema hivyo hawakuibiwa na maiti. Nilifurahi, na sitajifanya kwamba sikufurahi. Kilichoniuma ni kuwa amekufa kabla sijamwona akiaibika, na sasa watamzika na jina langu mfukoni.

Nilikotoka na nilikosomea hakumhusu mtu hapa. Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa Kachibora, huku karibu na Kitale, mwenye umri wa kumwamini kila mtu mzima anayezungumza polepole, nikashuka Bungoma kwa sababu Mwalimu alikuwa anatafuta mtu anayejua kompyuta. Studio ilikuwa nyuma ya duka la mbegu na mbolea. Ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa plaiwudi: kimoja cha mashine, ambacho kilikuwa changu, na kingine cha kuimbia, kilichozungushiwa blanketi na trei za mayai ili sauti isirudi. Harufu ya mbolea ilipenya kote, mpaka leo nikipita karibu na gunia la DAP nasikia ngoma kichwani. Mwalimu alikuwa amefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kuacha chaki, na chaki haikumwacha yeye. Alimsahihisha kila mtu. Ukisema "kitabu yangu" anakusimamisha mlangoni mpaka useme "changu", hata kama umebeba jerikeni kichwani. Yeye mwenyewe alisema "ledio" na "balabala", lakini nani angethubutu kumwambia? Mimi niliyekulia Kigikuyu nilimpa kazi kubwa zaidi, kwa sababu kwetu herufi ya L ni mgeni asiyekaribishwa. Nilisema "rabda", nilisema "mraji", na kila mara alicheka mpaka akashika meza. Siku za kwanza nilicheka naye.

Shida iliyonipa kazi ilikuwa kisanduku. Kile kisanduku unachochomekea maikrofoni na gitaa ili sauti igeuke kuwa kitu ambacho kompyuta inaelewa. Cha Mwalimu kilikuwa kizee, kizito, chenye vifundo vya chuma vya kuzungusha, na kilinasa sauti vizuri ajabu. Lakini binamu yake wa ng'ambo alikuwa amemletea kompyuta mpya, na kompyuta mpya ilikiangalia kisanduku kana kwamba ni kipande cha tofali. Waliokiunda walikuwa wameacha zamani kutoa programu za kukiunganisha, na zilizokuwepo zilikubali Windows ya kizamani tu. Mafundi wote wa mji walimwambia anunue kingine. Mimi nilikaa nacho kwa majuma, nikasoma, nikajaribu, nikakosea, mwishowe nikaweka kompyuta ya kizamani ndani ya ile mpya. Wenye elimu yao wanaiita mashine pepe. Ni programu tu, lakini yenyewe hujiona kompyuta kamili yenye chuma na waya zake. Unachomeka kisanduku, unaiambia kompyuta ya nje isikiguse, imkabidhi yule wa ndani, na wa ndani akakipokea vizuri, maana ni wa rika moja. Siku kilipowaka taa yake ya kijani, Mwalimu alinikumbatia. Nanjala, aliyekuja kujaribu sauti, alinifanya nimweleze mara kadhaa, kisha akatikisa kichwa. "Kumbe hii komputa iko na mimba," akasema, na tangu siku hiyo tuliiita hivyo, Mwenye Mimba.

Lakini mimba haikosi taabu zake. Sauti ilitoka kinywani mwa mwimbaji, ikapita kisandukuni, ikaingia kompyuta ya nje, ikakabidhiwa ya ndani, na kila ilipopita ilikawia kidogo, kama mama anayesalimia kila nyumba njiani akitoka kanisani. Ikirudi kwenye hedifoni, mwimbaji keshafika neno lingine. Wengi walichanganyikiwa wakadhani nawachezea. Nanjala nilimfundisha avae upande mmoja tu wa hedifoni, asikie ngoma kwa sikio moja na sauti yake mwenyewe kwa lile lililo wazi. Akaimba vizuri, ila kila alichoimba kilirekodiwa kikiwa nyuma ya ngoma. Basi nikabuni njia yangu. Kabla hajaanza, nilisimama kando ya maikrofoni nikapiga kofi moja pamoja na ngoma ya kwanza. Baadaye, kwenye skrini, nililitafuta lile kofi, nikalisogeza mpaka likakaa juu ya ngoma, na sauti yote iliyolifuata ikajipanga mahali pake. Kofi lenyewe nikalikata nikalitupa. Kazi hiyo niliifanyia tumboni, ndani ya ile kompyuta ya kizamani, maana ndiko programu ya muziki ilikokuwa. Rekodi mbichi, pamoja na makofi yake na uchelewaji wake, na nakala ya ngoma, nilizihifadhi kwenye kompyuta ya nje, kwa sababu tumboni nafasi ilikuwa ndogo.

Wimbo uliotushika mwaka ule ulikuwa wa Nanjala mwenyewe, kuhusu mama mkwe anayehesabu kuku kila asubuhi akimtazama mke wa mwanawe. Ulichekesha na ulichoma. Nilimwekea ngoma chini yake, nikaongeza gitaa, nikafuta, nikaanza upya, na nilijua, kama mpishi anavyojua kabla ya kuonja, kwamba hapa pana kitu. Mwalimu naye alijua. Aliniahidi kwamba wimbo ukitoka, mwanzoni kabisa litasikika jina langu, Shiko wa Kachibora. Kwa mtu asiyefanya kazi hii jina hilo ni mapambo, lakini kwetu ndilo kila kitu. Mwimbaji akisikia kazi nzuri huuliza nani kaitengeneza, na jina analolisikia ndilo analolifuata. Bila jina ungeweza kutengeneza nyimbo mia na bado ukaomba kazi kama mtu aliyeanza jana. Nililitaka jina lile kuliko nilivyotaka mshahara, na yeye aliliona hilo.

Mkewe, Mama Khisa, alikuwa akitoka nyumbani Sirisia na vyombo vya chakula, ugali uliofungwa kwa kitambaa, kuku, na mboga ya saka yenye maziwa. Alikuwa mama wa maneno machache. Kila alipokuja alipakua, akakaa kwenye kigoda mlangoni, akawa anatazama ninavyosogeza mistari kwenye skrini, halafu akakusanya vyombo akaenda. Siku wimbo ulipokamilika alileta jogoo mzima. Kule kwao firigisi haigusi mtu ila mwenye nyumba, tena kuna wanaume waliogombana miaka kwa sababu ya firigisi. Mwalimu aliitoa sahanini mwake mbele ya mkewe na mbele ya Nanjala, akaiweka kwenye ugali wangu. "Kula, binti yangu. Leo wewe ndiye mwanaume wa hapa." Sikujua kwamba navikwa kilemba cha ukoka. Niliitafuna ile firigisi machozi yakinilengalenga, na nikaona Mama Khisa akimtazama mumewe kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Haukupita muda akaja mtu wa redio kutoka Nairobi. Alikuwa kijana wa viatu vyeupe, akitafuta nyimbo za magharibi mwa Kenya za kuchezwa kipindi cha asubuhi. Nilikuwa chumbani kwangu na hedifoni nimeziteremsha zikiegemea sikio moja. Mwalimu alimpeleka mgeni kwenye chumba cha kuimbia, wakaketi, na hakuna aliyekumbuka kwamba maikrofoni iko wazi. Nikamsikia mgeni akiuliza, yule msichana kwenye kompyuta ni nani. Nikasikia Mwalimu akicheka. "Huyo? Huyo ni msichana wa chai. Nimemruhusu acheze na mashine." Maneno hayo yalipita kwenye plaiwudi yakaingia sikio langu la kushoto. Kisha, kwa sababu ya kuzunguka kote kule, kisandukuni, nje na ndani, yakaja tena kwenye sikio la kulia. Huyo ni msichana wa chai. Watu wengine hutukanwa mara moja. Mimi mashine niliyoiunda kwa mikono yangu ilinirudishia tusi ili nisije nikasema labda sikusikia vizuri.

Nikainuka, nikaingia chumba cha pili bila kubisha. Nanjala alikuwa ameketi pale pembeni, na wakati wote huo hakuwa amefungua mdomo. Nikamwambia mgeni kwamba mimi sipiki chai, kwamba wimbo huu nimeutengeneza mimi tangu ngoma ya kwanza, na kama hanisadiki amuulize aliyeuimba. Mgeni akamgeukia Nanjala. Nanjala akaangalia trei za mayai ukutani kana kwamba kuna mtu kaandika kitu juu yake. Akasema yeye kazi yake ni kuimba, hayo mengine ni ya wenye studio. Mwalimu hakupandisha sauti. Alimwomba mgeni radhi kwa Kiswahili safi sana, akasema vijana wa siku hizi wakionjeshwa asali huchonga mzinga. Akanitoa nje, akaniambia nichukue sweta yangu niende Kitale, akafunga mlango, akaufungua tena kwa sababu alikuwa amekumbuka kitu.

"Paswadi ya huyo wa ndani ni gani?"

"Karamu," nikamwambia.

Akacheka, na kicheko hicho bado ninacho. Akaandika kiganjani kwa peni yake nyekundu ya kusahihishia. "Kalamu, Shiko. Kalamu ni ya kuandikia. Karamu ni ya kula. Nyinyi watu hamtajifunza."

Sasa nieleze, maana hapa ndipo roho yangu hupoa. Kwetu peni ni karamu. Ndivyo mama alivyoniita nirudi nilipoisahau nikienda shule, na ndivyo nilivyoandika siku nilipoifungia mashine ile, kwa herufi ya R, bila kufikiri. Nilimwambia ukweli mtupu. Siku ile kwa hasira sikuligundua kosa lake, nilikuwa nawaza tu nitakavyofika nyumbani nikiwa nimefukuzwa. Lakini baadaye akanipigia simu nikiwa Kachibora namenya viazi, sauti imejaa sukari, ati Mwenye Mimba anakataa kufunguka. Nikamwambia ni karamu. Nikamsikia akijisomea herufi huku akiandika, ka, la, mu, na ndipo kisu kikasimama mkononi mwangu. Nikaelewa. Wimbo uliokamilika, wenye sauti iliyojipanga juu ya ngoma, ulikuwa umefungiwa tumboni, na ufunguo ulikuwa ni lafudhi yangu aliyokuwa akiicheka mwaka mzima.

"Mwalimu," nikamwambia, "andika vile nimesema."

"Nimeandika vile inavyofaa kuandikwa."

"Basi endelea."

Alinipigia tena na tena. Aliniita mwongo, akanitishia polisi, na kila mara nilimjibu neno lile lile, polepole, kwa ulimi ule ule wa nyumbani, naye kila mara akalisahihisha kabla ya kuliandika. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kuna watakaosema ningemtajia tu herufi. Sikumtajia, na ningepewa mwaka ule tena nisingemtajia. Aliniambia mimi ni wa chai, na mtu wa chai hafundishi mwalimu tahajia.

Alichoweza kukipata ni kile kilichokuwa nje, yaani rekodi mbichi. Akaita fundi mmoja, wakazipanga juu ya ngoma jinsi zilivyokuwa, mgeni wa Nairobi akauchukua wimbo, ukatoka. Niliusikia mara ya kwanza nikiwa saluni hapa Kitale, kichwa kwenye beseni. Kwanza lilisikika kofi, limechelewa, halafu Nanjala akaingia nyuma ya ngoma akiburuta kila neno. Nikacheka mpaka msusi akanifuta povu machoni. Nilijua ameumbuka, nikangoja mji umcheke. Haukumcheka. Wee, waliupenda! Walisema huyo mama anaimba kama mtu aliyechoka na mkwewe kwelikweli, anayajibu mambo kwa kuchelewa. Harusini walipiga kofi lile pamoja, wakatikisa mabega nyuma ya ngoma, wakacheka. Mwalimu akaitwa redioni akaulizwa alikoutoa mtindo huo, akajibu kwamba ameufanyia utafiti wa miaka, na alipoulizwa kama alikuwa na msaidizi, akasema alikuwepo msichana wa chai. Hata kosa langu aliliiba! Kofi lile ni mkono wangu. Kwa miaka nimetembea katika mji huu, dukani, stendi, kwenye misiba, nikisikia mkono wangu ukimpigia makofi mwizi wangu.

Nilianza kutafuta kazi nikasema huo wimbo ni wangu, watu wakanitazama kwa huruma. Mmoja alinishauri nisiharibu jina la mzee wa watu. Nikaacha kusema. Nilijenga studio hii pole pole, kwa kwaya za kanisa na matangazo ya madawa ya ng'ombe, na nimepata chakula changu. Lakini wivu wangu sikuuzika. Kila mwanafunzi niliyemfundisha kazi, nilianza na jina lake kwenye kazi yake, na kila nilipoliandika jina la mwingine nilimkumbuka Mwalimu kwa ubaya.

Sikwenda kumzika. Nilingoja siku ya kunyoa. Kule kwao, siku chache baada ya mazishi, familia hunyolewa, na kabla watu hawajatawanyika mzee wa ukoo huuliza hadharani nani alimdai marehemu na nani alidaiwa naye. Mwenye deni lake hulisema siku hiyo, na likikubaliwa hulipwa na watoto. Usiposema siku hiyo, umelimeza. Nikafika Sirisia asubuhi, nimevaa gauni langu zuri, nikakaa katikati ya waombolezaji nikala mchele wao. Nanjala alikuwa mstari wa mbele kwa kitambaa cheusi. Kaka ya marehemu, ambaye ndiye mzee wa ukoo, akashika kipaza sauti. Mmoja alidai jembe la ng'ombe, mwingine mbao. Kisha mzee akauliza kama kuna mwingine, akasema dawa ya deni ni kulipa, na kesho wao watakuwa wamefunga hesabu.

Nikasimama. "Mimi namdai wimbo."

Watu wakaguna. Mzee akauliza wimbo unadaiwaje, nikaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, kisanduku, mimba, kofi na chai, na nikamwita marehemu mwizi mbele ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Khisa, kijana wake mkubwa, aliyerithi studio, akaruka kutoka kitini akasema huyu mama amekuja kutuaibisha, baba mwenyewe alisema kwa ledio kwamba huyu alikuwa wa chai tu. Mzee akamtuliza. Akasema mambo ya ledio wao hawayajui, lakini deni bila shahidi ni porojo, je, shahidi ako wapi? Nikamtazama Nanjala. Watu wote wakafuata kwa macho mahali nilipotazama. Nanjala akainama akaanza kufunga kamba ya kiatu chake, na alichukua muda mrefu sana kuifunga.

Ndipo Mama Khisa akazungumza. Alikuwa ameketi mkekani, kichwa kimetoka kunyolewa, hakuomba hata kipaza sauti.

"Chai ya kule mzee alikuwa anapika mwenyewe. Hakuamini mkono ya mtu. Mimi ndio nilikuwa namfungia majani na tangawizi. Huyu nilikuwa nampelekea chakula, namkuta anatengeneza hiyo wimbo. Miaka hii yote nimenyamaza juu ni bwana yangu. Sasa amekufa. Mlipeni mwenye yake."

Khisa akaketi. Mzee akaniuliza nataka nilipwe nini, na nadhani walingoja nitaje ng'ombe. Nikasema nataka jina. Khisa alitaje hapa, kisha akalitaje kwenye redio ile ile baba yake aliyoniitia wa chai. Kijana akapewa kipaza sauti. Akasema kwa kunong'ona kwamba wimbo ule ulitengenezwa na Shiko wa Kachibora. Nikasema sijasikia. Akarudia kwa sauti, macho yamejaa maji, na mimi nikamwangalia mpaka akamaliza neno la mwisho. Sikumwonea huruma. Wiki ile ile alilitaja redioni, nikiwa nimekaa studioni kwangu nikiongeza sauti.

Lakini siku ile ya Sirisia, nilipokuwa natoka langoni, Nanjala alinifuata mbio akanishika mkono. Alikuwa analia. Akauliza kama sasa moyo wangu umepoa, kama nimemsamehe Mwalimu tumalizane na haya mambo. Nikautoa mkono wangu mkononi mwake.

"Mwalimu amelipa," nikamwambia. "Wewe bado."